Jicho la Nuru na Mkono wa Mashine

Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kiko karibu na bonde la Mto Mbwemkuru, mto upitao Nachingwea na Ruangwa kuelekea Bahari ya Hindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu wa Kijerumani na mamia ya vibarua Waafrika walifukua hapo mifupa ya dinosaria. Kiunzi kimojawapo, cha Giraffatitan, kimesimamishwa Berlin, nacho kina kimo cha zaidi ya mita 13. Hata hivyo, pingili zake za shingo na mgongo ni nakala, kwa sababu zile za asili ni nzito mno na huvunjika upesi. Je, mfupa kama huo waweza kunakiliwa bila kuguswa?

Jibu linapatikana viwandani. Mkono wa roboti ni hodari wa kurudia mwendo uleule, lakini ni kipofu. Vyuma vya kusubu havitoki katika kalibu vikiwa sawasawa. Tena chuma kikiwekwa mezani upande kidogo tu, kekee hutoboa pasipostahili. Kwa hiyo mashine hupewa jicho.

Leza humulika mstari mwembamba juu ya kitu, na kamera huutazama kwa pembe nyingine. Penye mwinuko, mstari huonekana umesogea. Kompyuta, ikijua pembe hizo na umbali kati ya leza na kamera, hupata kimo cha kila nukta kwa hesabu ya pembetatu. Maelfu ya nukta hulinganishwa na mchoro, na njia ya kisu husahihishwa kabla ya kukata. Kwa mfupa, nukta zenyewe ndizo mchoro: roboti huweza kuchonga umbo lilelile katika mti, na nakala ikawekwa hata katika shule ya Nachingwea.

Lakini jicho hupima uso tu. Kutokana na vipimo vya nuru vya kiunzi cha Berlin, uzito wa mnyama ulikadiriwa mwaka 1999 kuwa tani 74 hivi. Mwaka 2008, tani 38. Mifupa haikubadilika, yalibadilika makadirio ya nyama iliyoifunika.

Mwalimu aweza kuonyesha kanuni hii kwa tochi iliyozibwa kwa karatasi yenye upenyo mwembamba. Kitabu kiwekwe mezani, mstari wa nuru ukikatize kwa mwinamo wa nyuzi 45, na mwanafunzi atazame kutoka juu wima. Umbali uliosogea mstari ni sawa na unene wa kitabu. Rula itathibitisha.