Laptopu nzuri, tundu mbili

Wengi mliosikiliza kipindi kilichopita mmeniuliza: mbona hadithi ya bibi inakatika palepale anapoanza kueleza ile meli? Jibu lenyewe aibu. Ilikatika kwa sababu laptopu yangu nzuri mno.

Tulikuwa Qantab, barazani kwake, boti za wavuvi zimevutwa mchangani mbele yetu. Mwezi wa sita, na mnajua mwezi wa sita wa Muscat. Bibi kakaa mkekani na kahawa yake, kaanza kuhadithia bila ya kuombwa, jambo ambalo halitokei mara mbili kwa mwaka. Kadi ya kinasa sauti ikajaa. Nikasema rahisi, namwaga faili kwenye laptopu, nafuta, tunaendelea. Lakini laptopu ina tundu mbili tu, zote za USB-C, na ya kadi haina. Adapta nimeiacha nyumbani. Basi nirekodi mle mle ndani ya laptopu? Haina feni, ili iwe nyembamba. Baada ya muda mfupi ilikuwa inaunguza mapaja na sauti inakatikakatika. Simu imezima chaji, msinicheke.

Bibi akaniangalia. "Mjukuu wangu, hicho ni chombo au pambo?" Akainuka kwenda kusali. Hadithi hakuirudia.

Niliinunua Ruwi, kwa macho. Kampuni siitaji, na si hii ninayoieleza sasa. Lakini hii nayo ina kisa chake, maana Apple ndiyo iliyotufundisha sote kupenda wembamba. Mwaka 2008 Steve Jobs aliitoa MacBook Air kutoka ndani ya bahasha ya ofisini, watu wakashangilia. Ilikuwa na tundu moja ya USB. Mwaka 2015 ikaja MacBook ya inchi 12: tundu moja ya USB-C, hiyohiyo ndiyo ya kuchajia. Kibodi yake ya mtindo wa kipepeo ilikuwa bapa hasa, na kwa watu wengi vibonye vilikwama au herufi moja ikajiandika mara mbili. Juni 2018 kampuni ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure, mwisho wa 2019 ikaanza kurudia vibonye vya kizamani, na 2021 MacBook Pro ikarudishiwa tundu ya HDMI na ya kadi. Miaka mingi ya kwenda na kurudi palepale!

Sasa tazama ThinkPad. Ilitoka kwa IBM mwaka 1992, na Richard Sapper, aliyeichora, alichukua wazo kwenye kisanduku cheusi cha chakula cha Wajapani. Wengi wanaiona mbaya. Lakini nyingi zina vijia chini ya kibodi vya kutolea maji nje ukimwagia chai. Mie naona huo nao ni usanifu. Tena sisi tunaujua zamani: kofia ya viua, ambayo Waarabu huiita kumma, vile vitobo vyake ni pambo, na ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani.

Jambo jingine ambalo muuzaji hakwambii ni joto. Apple wenyewe wanasema laptopu zao zitumike kwenye joto la nyuzi 10 mpaka 35. Hapa kwetu kiangazi kinapita 40, na juu yake unyevu wa bahari. Kama kazi yako ni ndani ya eyasi, haikuhusu. Kama ni barazani kwa bibi, uliza. Na ile skrini inayong'aa kama kioo, ukiwa nje utajiona uso wako tu.

Lakini tuseme haki. Binamu yangu ana laptopu yenye kila tundu duniani, kilo mbili na nusu, chaja yake kama tofali. Haijawahi kufika Qantab. Haitoki chumbani. Yangu nyembamba, pamoja na ujinga wake, nilikuwa naibeba kila siku kwa sababu nyepesi na kwa sababu, eh, naipenda. Na iliyobaki nyumbani haimrekodi mtu.

Kwa hiyo mara ya pili nilikwenda Ruwi na mfuko mzima: kinasa sauti, kadi, maikrofoni, waya zote. Nikachomeka kimoja kimoja pale kaunta. Muuzaji akacheka, lakini alingoja. Nimetoka na nyeusi iliyotumika, nene kama boflo, kilo moja na nusu.

Ijumaa iliyopita nikamwekea bibi mkekani. "Hii mbaya," akasema. Kadi ikaingia. Akanieleza bei za karafuu za zamani, dakika arobaini nzima, sauti safi kabisa. Ya meli hakuigusa. Ijumaa hii narudi tena.