Muhtasari wa kikao cha ukoo

Karatasi inayoamua maisha ya wajane wengi vijijini Tanzania huandikwa kwa mkono, kwenye kurasa mbili tatu zilizochanwa katikati ya daftari. Inaitwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Juu kuna tarehe, mahali na jina la marehemu. Chini yake ni mahudhurio, kila mtu na namba yake ya simu na uhusiano wake na aliyefariki: kaka, baba mdogo, binamu, shangazi, mtoto. Kisha ajenda. Ya kwanza ni kufungua kikao, ya pili kumteua msimamizi wa mirathi, ya tatu mali na madeni, ya mwisho mengineyo. Katibu huwa ni mwalimu mstaafu au kijana wa ukoo aliyesoma, na Kiswahili chake ni cha ofisini hasa, chenye wajumbe walioridhia kwa kauli moja na kikao kilichofungwa kwa sala. Mjane naye yumo kwenye mahudhurio, mara nyingi karibu na mwisho, kwa saini au dole gumba. Kikao hukaa siku ya kuanua matanga au siku chache baadaye, kwa kuwa ndugu waliotoka Mwanza na Dar es Salaam wameshakata tiketi za kurudi. Kwa hiyo mtu ambaye bado hajapata usingizi kamili tangu mazishi anatakiwa kukubali au kukataa mbele ya kundi la watu ambao wengi ni wakubwa zake, na karibu wote ni wa upande wa mume. Kauli moja haichelewi kupatikana hapo.

Kwa sheria, msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, kisha kurudi mahakamani na hesabu. Kanuni za mahakama za mwanzo za mwaka 1971 zinampa miezi 4 kufanya hivyo, kwenye fomu namba 5 na namba 6. Kijijini lakini huonekana kama mwenye mali mpya, na wanaomwona hivyo hawajakosea sana, maana funguo zote ziko kwake. Fedha zilizo benki hazitoki bila yeye. Pamba au kahawa iliyopelekwa chama cha msingi kabla ya msiba ina jina la marehemu, na malipo yake yanamsubiri yeye. Laini ya simu yenye akiba kidogo ilisajiliwa kwa alama ya kidole cha mtu aliyekwisha kuzikwa. Jina la kaya kwenye daftari la mbolea ya ruzuku ni lile lile la marehemu. Na kuna maksai: jozi ikichukuliwa kwenda kwa shemeji "kwa muda", mjane atalima kwa jembe la mkono, au atamngoja jirani amalize shamba lake kwanza, wakati mvua haingoji fomu namba 5. Tunapozungumzia upweke wa wafiwa tunasahau kwamba kijijini upweke huo una saa zake za kazi, na anayepanga saa hizo ni aliyeteuliwa kwenye ajenda ya pili.

Jambo linalonisumbua ni kwamba karatasi hii haikuwekwa na sheria yoyote. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, linalozipa mahakama za mwanzo mamlaka ya mirathi, linazungumzia mtu mwenye maslahi katika mali ya marehemu kuomba kuteuliwa. Mke ana maslahi. Hilo halihitaji kura. Majaji wa Mahakama Kuu wamekwisha kuandika katika hukumu zao, tena si mara moja, kwamba kikao cha ukoo ni desturi yenye busara na si sharti la kisheria. Pamoja na hayo, mjane anayefika kwa karani wa mahakama akiwa na cheti cha kifo peke yake huulizwa muhtasari uko wapi, na akisema hana, hurudishwa nyumbani kuutafuta. Huko nyumbani anaurudia mlango wa watu wale wale ambao pengine ndio waliomfanya akimbilie mahakamani. Wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa rasmi na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, hutumia muda mwingi kuziba pengo hili dogo kati ya kilichoandikwa na kinachodaiwa dirishani.

Atakayesema kwamba huu ni utaratibu mdogo wa kiofisi aangalie kilichotokea mkoani Shinyanga. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililokusanya sheria za mila, lina kanuni ya 27 inayosema kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Wajane wawili waliondolewa katika nyumba walizoishi na waume zao baada ya shemeji zao kuwa wasimamizi wa mirathi. Wakaenda Mahakama Kuu kuipinga kanuni yenyewe. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hiyo ina ubaguzi, kisha ikakataa kuitengua, kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa hukumu. Walikata rufaa, na mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya tarehe kwenye hati, hoja yao ikiwa haijaguswa. Machi 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa ushindi. Lakini mtu haishi ndani ya uamuzi wa Geneva, na miaka yote hiyo ilianza na mahakama ya mwanzo kumteua shemeji kuwa msimamizi.

Najua nitajibiwa kwamba mambo yamebadilika. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwisha kumpa mjane uhuru wa kukaa anapotaka, na wa kuolewa tena au kutoolewa, mila iseme itakavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Hayo ni kweli, na si madogo. Ila sheria hizo zinasubiri kesi. Kikao cha ukoo hakisubiri. Kinakaa kabla ya mjane kujua kwamba kuna kesi ya kufunguliwa, na kinachoandikwa siku hiyo ndicho kitakachosomwa baadaye kama ridhaa yake mwenyewe.

Hoja nzito zaidi ni ya mahakimu, na inastahili nafasi. Hakimu wa mahakama ya mwanzo hakumjua marehemu. Mbele yake amesimama mwanamke asiye na cheti cha ndoa, kwa sababu ndoa ilifungwa kwa mahari na ng'ombe, au haikufungwa kabisa: wawili walikaa pamoja hadi kifo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinamruhusu kudhani kuwa ndoa ipo kama waliishi pamoja miaka 2 au zaidi na majirani wakawajua kama mke na mume, lakini dhana hiyo inahitaji mashahidi. Huenda wiki ijayo akaja mwanamke mwingine kutoka wilaya ya pili, na watoto watatu wenye sura ya marehemu. Hakimu akishamteua wa kwanza, uteuzi utapingwa, mali itakuwa imeshauzwa nusu, na jalada litarudi mezani kwake. Muhtasari wenye mhuri wa mtendaji wa kijiji unamwambia marehemu alikuwa nani, alioa wapi, alizaa na nani. Nani mwingine ana habari hizo kama si ukoo? Sioni jibu la kuipuuza hoja hii, na wanaotaka kikao kifutwe kabisa hawajakaa kwenye kiti hicho.

Ila hoja ya hakimu inathibitisha nusu tu ya karatasi. Ukoo unaposema fulani alikuwa mke wa ndugu yetu, na hawa ndio watoto wake, huo ni ushahidi, na wenye kuujua ni wao. Unaposema fulani asisimamie mali ya mumewe, badala yake asimamie kaka, hiyo ni hukumu, tena imetolewa na watu ambao kanuni ya 27 inawafanya wanufaika. Mambo haya mawili yamewekwa kwenye ukurasa mmoja na kugongwa mhuri mmoja, na mahakama huyapokea kama kitu kimoja. Yakitenganishwa, karatasi inabaki na faida yake yote: ukoo ushuhudie, hakimu ateue, na mjane aulizwe peke yake kama dole gumba lile lilikuwa la mahudhurio au la ridhaa.

Utetezi wa ardhi ya ukoo nao husikika: mjane akiolewa tena, shamba la babu litakwenda kwa mgeni. Hofu hiyo haikosi msingi, na Kenya ilijaribu kuitibu kwa kumpa mjane haki ya kutumia mali maisha yake yote huku haki hiyo ikikoma akiolewa, sharti ambalo mume aliyefiwa hakuwekewa. Nchini kwetu hofu ya namna hiyo haina haja ya kuandikwa, imo kwenye kura. Lakini shamba alilofyeka mume na mke wakiwa wawili, kwa fedha ya pamba yao, si la babu, na kikao cha mchana mmoja hakitenganishi hayo. Hata Pwani, ambako mjane Mwislamu ana thumni yake akiwa marehemu ameacha watoto na robo kama hakuacha, fungu linajulikana kabla ya mtu kufa, na bado litapita mkononi mwa msimamizi yule yule kabla ya kumfikia.

Linabaki swali ambalo hoja yangu haiwezi kulimaliza. Mjane akishinda mahakamani atarudi kulala mita mia moja kutoka kwa shemeji aliyemshinda. Atahitaji maksai wake Novemba, atahitaji mama mkwe amshikie mtoto akienda zahanati, na siku akifiwa tena ni hao hao watakaochimba kaburi. Wako wanaopiga hesabu hizo na kuamua kutia dole gumba wakijua wanachopoteza, na sina haki ya kuwaita waoga. Mkataba wa namna hiyo ni wa hiari kiasi gani, na nani aupime, sijui. Ninachodai ni kidogo zaidi: anayepiga hesabu hiyo aambiwe kwanza, na karani yule yule wa dirishani, kwamba angeweza kuomba usimamizi bila karatasi ile.