Muhogo Mchungu na Miguu Iliyofungwa

Si nadra katika nyumba kupatikana mtu mmoja asiyepatana na chakula fulani. Huyu akila karanga midomo humvimba. Yule akila ngano hujikuna hata usiku kucha. Waganga wa hospitali wanaeleza kwamba chanzo chake ni protini iliyomo katika mmea. Mwili wa mtu huyo huidhania kuwa ni adui, ukaipiga vita, na vita hivyo ndivyo vinavyoleta vipele, uvimbe, na pengine kukosa pumzi. Nduguye aliyekula naye sinia moja hana lolote. Huo ndio mzio, nao huchagua mtu.

Sumu haichagui. Maharage yasiyoiva yana protini yao, lektini, inayoweza kuwatapisha watu wa nyumba nzima. Dawa yake ni kuyaloweka, kumwaga maji yale, na kuyachemsha kwa moto mkali. Tafauti hii kati ya mzio na sumu yafaa kila mama aijue, kwani kuna chakula chetu kimoja ambacho madhara yake ni makubwa kuliko kutapika.

Katika kiangazi cha mwaka 2002 na 2003 wilaya ya Mbinga ilipatwa na msiba. Wakati huo wilaya hiyo ilianzia milima ya Umatengo, penye kahawa, mahindi na maharage ya mashimo ya ngoro, ikashuka mpaka ufuko wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli, ambako watu hula ugali wa muhogo. (Wilaya ya Nyasa ilitengwa nayo mwaka 2012.) Watu zaidi ya 200 walishukiwa kuwa na ugonjwa uitwao konzo. Kiangazi kilichotangulia ulikuwa umeonekana Mtwara.

Mtu hulala mzima, akaamka miguu yote miwili imekakamaa. Wengi wapatwao ni watoto na wanawake vijana. Baada ya siku chache za mwanzo ugonjwa hauzidi, lakini haurudi nyuma kabisa: mwingine hutembea kwa ncha za vidole, mwingine kwa magongo, mwingine hatembei tena. Aonaye watoto wawili wa nyumba moja wamepatwa kwa juma moja ni rahisi kudhani ni uchawi au ni maradhi ya kuambukiza. Wala si hili wala si lile. Jina lenyewe limetoka Kongo, kwa Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika khabari zake mwaka 1938. Mwaka 1981 watu zaidi ya 1,000 walipatwa katika jimbo la Nampula, Msumbiji, na mwaka 1985 ukaonekana Tarime.

Sababu yake ni muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, na mbali nacho kidogo, katika kuta za chembe zake, mna protini iitwayo linamarase. Muhogo ukipondwa au ukilainika majini, viwili hivi hukutana. Protini huivunja linamarini, ikatoka hewa ya sianidi, ambayo ni sumu kali, ikaenda zake angani. Kwa hiyo wazee walioloweka muhogo siku tatu au nne kabla ya kuuanika walikuwa na hekima kubwa. Lakini muhogo ukimenywa na kuanikwa moja kwa moja juani, maji hukauka kabla kazi haijakwisha, na linamarini nyingi hubaki katika unga. Kuupika hakusaidii, maana moto huiua ile protini na kuiacha linamarini salama, iingie tumboni.

Ukame huzidisha uchungu wa muhogo, na mwenye watoto wanaolia njaa hangoji siku nne. Tena mwili una njia yake ya kuiondoa sianidi, lakini kwa kazi hiyo huhitaji salfa, nayo huipata katika protini za chakula kama samaki, mayai na nyama. Alaye ugali mtupu siku baada ya siku hana silaha hiyo. Na kukaa karibu na ziwa si kusema kwamba kila chungu kina samaki!

Kwa wenye unga tayari iko njia nyepesi, iliyotolewa mwaka 2006 na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia, kisha wanawake wa kusini mwa Tanzania wakafundishwa. Tia unga wa muhogo katika bakuli, utie alama ndani pale unga unapofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga: unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Protini iliyobaki katika unga huamka kwa maji hayo na kuimaliza kazi yake, na hewa ile mbaya hutoka. Unga huo upikwe ugali siku iyo hiyo, wala usiwekwe mpaka kesho, kwani umekwisha kulowa na utaharibika.