Macho yanawasha? Usikimbilie kununua miwani

Kama riziki yako iko kwenye kompyuta, iwe ni kunukuu rekodi za sauti, kuhariri video au kujibu wateja wa ng'ambo usiku kucha, basi macho ndiyo mtaji wako. Yakianza kuwasha na kuona ukungu, utaambiwa ununue miwani ya kuzuia mwanga wa samawati. Tulia kwanza! Chama cha madaktari wa macho Marekani, American Academy of Ophthalmology, hakipendekezi miwani hiyo kwa watumiaji wa kompyuta.

Shida hasa ni kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika, na kila mara machozi husambaa na kulilainisha jicho. Ukikodolea skrini, unapepesa mara 5 hadi 7 tu. Jicho linakauka, ndiyo maana linawasha.

Dawa yake ni bure. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Unaishi bedsita? Chungulia dirishani, paa la jirani linatosha. Weka skrini umbali wa mkono ulionyooshwa, iwe chini kidogo ya macho. Feni nayo isikupulize usoni.

Ukifanya hayo yote na kichwa bado kinauma, nenda ukapimwe macho. Huenda kweli unahitaji miwani, lakini ile ya kupimiwa, si ya kuuziwa barabarani.