Nyumba ya Bao: Ilale au Ivunjwe?

Penye bao la Kiswahili, iwe Mitole, Kilwa Masoko au Lindi mjini, ubishi hauishi juu ya nyumba. Juma hili tuieleze.

Kila mchezaji ana kete 32. Huanza na 6 ndani ya nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele. 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata kuliani. Na 22 mkononi, za kunamua moja moja. Ukila kete za mwenzako, unazisambaza upande wako. Ya mwisho ikiangukia nyumbani mwako, penye kete 6 au zaidi, hiari ni yako: uilaze nyumba, zamu iishe, au uichote yote uendelee. Ukiwa unatakata tu bila kula, hiari hiyo huna, nyumba hulala.

Uamue vipi basi? Nyumba ni akiba. Ukishaichota, shimo lile huwa kama mengine. Mwenye pupa huivunja mapema kwa kete tatu, akabaki mtupu. Mwenye woga huilaza kila mara mpaka mwenzake anaila nzima, maana nyumba nayo huliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuigusa, tazama upande wa pili. Je, zamu ijayo mwenzako ana mtaji wa kuila? Kama anao, ivunje sasa. Kama hana, ilaze, uzidi kuijaza.

Akiba haimfai anayeitapanya, wala anayeilinda mpaka ikaibwa.