Belo likifunguliwa Juba: Namna mafundi wanavyookoa mtaji wa mitumba

JUBA, Sudan Kusini – Mfanyabiashara wa mitumba hajui hasa alichonunua mpaka siku mikanda ya belo inapokatwa. Ndani huwamo mashati yanayouzika siku hiyo hiyo, na humo humo huwamo nguo zenye zipu zilizokwama, kola zilizochakaa, vifungo vilivyopotea, madoa na harufu ya uvundo wa miezi mingi ndani ya kontena. Katika masoko ya Juba kama Konyokonyo, Custom na Jebel, kundi hili la pili ndilo linaloamua kama mwenye belo atapata faida au ataishia kurudisha mtaji tu.

Ndiyo maana biashara ya mitumba haiendi bila fundi cherehani, mpiga pasi na fundi viatu. Vifaa vyao ni vichache: cherehani ya kukanyaga kwa mguu, pasi ya mkaa, koleo, msasa, sindano na gundi. Kinachohitajika zaidi ni subira, nayo mjini Juba ina gharama yake, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Nguo iliyosafiri mbali

Sudan Kusini haina bandari ya baharini. Sehemu kubwa ya bidhaa za Juba huteremshwa Mombasa, hupita Kenya na Uganda hadi mpaka wa Elegu na Nimule, kisha humalizia kilomita 192 za lami kutoka Nimule, barabara iliyokamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani. Safari yote inazidi kilomita 1,500. Wapo pia wanaonunua kwa gunia katika soko la Gikomba jijini Nairobi au Owino jijini Kampala. Gikomba nguo bora kabisa huitwa “kamera”, na wenye maduka ya mjini huziwahi alfajiri. Anayefika baadaye huchagua katika yaliyobaki.

Nauli, ushuru na malipo ya njiani hulipwa kwa uzito au kwa mzigo. Shati lenye doa limelipiwa safari sawa na shati safi. Likitupwa Juba, linatupwa pamoja na gharama zote hizo.

Biashara hii yenyewe imewahi kuwa mashakani. Mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliofanyika Arusha Machi 2016, ambao ndio uliokubali Sudan Kusini iingie katika Jumuiya, uliagiza pia nguo na viatu vya mitumba viondolewe sokoni katika muda wa miaka mitatu. Marekani ilipinga, na nchi nyingi zikalegeza msimamo. Rwanda iliyoshikilia ushuru wake ilisimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru mwaka 2018. Mitumba ikaendelea kuvuka mipaka.

Kuchambua kwanza

Kosa la wageni katika biashara hii ni kufua kila kitu. Maji mjini Juba kwa watu wengi ni ya kununua, hivyo nguo isiyostahili kufuliwa hula faida ya inayostahili. Mzoefu hutandika turubai, akagawa mafungu: ya kuuzwa leo, ya kutengeneza, na ya kukatwa vitambaa vya kufutia au viraka. Fungu la tatu lisionewe huruma. Suruali iliyolika mapajani hairudi kuwa suruali, ila mifuko yake, zipu yake na vifungo vyake vinaweza kuokoa suruali nyingine tatu.

Kabla ya kufua au kupiga pasi ni lazima kujua kitambaa ni cha nini, kwani lebo mara nyingi imekatwa au imefutika. Mafundi hutumia njia ya zamani: huchomoa uzi mmoja kwenye mkunjo wa ndani na kuuchoma kwa kiberiti, mbali na nguo nyingine. Pamba huwaka ikanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kitone kigumu kama ushanga. Nguo ya namna hiyo ikikutana na pasi ya mkaa yenye moto mkali huacha alama inayong'aa, na alama hiyo haitoki tena.

Maji, madoa na ndimu

Mto Nile ndio chanzo kikuu cha maji ya Juba, na wakati wa mvua maji yake huwa na tope jingi. Nguo nyeupe ikifuliwa humo moja kwa moja hutoka na rangi ya chai. Dawa yake ni shabu. Kipande kidogo huzungushwa ndani ya pipa, maji yakaachwa yatulie kwa saa kadhaa, tope likashuka chini, kisha yakatekwa ya juu taratibu bila kutibua.

Madoa hayatibiwi kwa njia moja. Doa la damu huoshwa kwa maji baridi. Maji moto huliganda ndani ya uzi. Doa la kutu, ambalo ni la kawaida kwa nguo zilizokaa karibu na vyuma, hupakwa chumvi na maji ya ndimu na kuanikwa juani, kisha husuuzwa vizuri, na ikibidi hurudiwa mara mbili au tatu. Wino wa kalamu hulegea kwa spiriti: kitambaa safi huwekwa chini ya doa, na doa likagongwagongwa kwa pamba, bila kusugua, maana kusugua hulitandaza. Nguo yenye ukungu hupigwa brashi ikiwa kavu, nje, kabla haijaguswa na maji.

Wengi hukimbilia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yenye klorini, kama Jik. Hapo ndipo mashati mengi yanapopotea. Klorini haitoi kutu, hulikaza. Umanjano wa kwapani nao huzidi badala ya kupungua. Hapo afadhali nguo ilowekwe kwenye maji yenye siki kidogo, isuuzwe, kisha ifuliwe kwa sabuni ya mche. Jambo moja lisisahauliwe: dawa ya klorini na siki au ndimu visikutane katika ndoo moja hata siku moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na vibanda vingi vya soko havina hata dirisha.

Tahadhari kama hiyo inahusu pasi ya mkaa. Mkaa uwashwe nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu. Kuacha pasi inawaka ndani ya kontena lililofungwa ni hatari kwa uhai, kwa kuwa hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu.

Sindano, zipu na kola

Zipu nyingi zinazodhaniwa kufa huwa hazijafa. Ikiwa meno yote yapo lakini yanaachana nyuma ya kichwa cha zipu, kichwa ndicho kilichopanuka. Hubanwa kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, na kujaribiwa kila mara, maana kikibanwa mno hupasuka. Zipu inayokwama tu husuguliwa kwa kipande cha mshumaa au ncha ya penseli.

Kuhusu vifungo, fundi mzuri haanzi kwa kununua. Huangalia kwanza ndani ya ubavu wa shati, ambako viwanda vingi hushona kifungo cha akiba. Kama hakipo, hutoa kifungo cha chini kabisa, kile kinachofichwa ndani ya suruali, akakipeleka kifuani, na chini akaweka chochote kinachokaribia kufanana.

Kola iliyolika shingoni ina ufundi wake, na ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wengi hawaujui. Mshono unaoshika kola hufumuliwa kwa wembe, kola ikageuzwa upande wa chini ukawa juu, ikashonwa tena mahali pale pale. Mteja huona kola mpya. Kazi hiyo huwezekana tu ikiwa kola ni ya rangi moja pande zote, na haifai kwa zile zenye vifungo vya ncha.

Suruali nyeusi zilizopauka hutiwa rangi upya. Rangi ya kawaida ya sokoni hushika pamba, haishiki poliesta. Na kwa kuwa nyuzi za kushonea mara nyingi ni poliesta, suruali hutoka nyeusi huku mishono ikibaki na rangi yake ya zamani. Muuzaji mwaminifu humwonyesha mteja jambo hilo mapema, na humwambia pia kwamba nguo ifuliwe peke yake mara za kwanza.

Viatu vinavyodanganya

Hasara kubwa zaidi imo kwenye viatu. Raba inaweza kuonekana haijavaliwa hata siku moja, na wiki mbili baadaye soli ikamomonyoka kama mkate mkavu. Soli nyingi nyepesi hutengenezwa kwa poliyurethani, ambayo huharibiwa taratibu na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Hakuna gundi inayoponya hali hiyo. Njia ya kuitambua ni kuibonyeza soli kwa kidole gumba na kukikunja kiatu mbele ya mwanga: ikiacha shimo, ikitoa unga au nyufa ndogo ndogo, kiachwe huko huko Owino.

Soli iliyobanduka lakini bado nzima ina dawa. Gundi ya zamani huondolewa yote kwa msasa, pande mbili, kisha vumbi hufutwa. Gundi mpya hupakwa nyembamba pande zote mbili na kuachwa dakika 10 hadi 15, mpaka haishiki kidoleni. Hapo ndipo pande hukutanishwa na kukandamizwa kwa nguvu, kiatu kikafungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi kesho yake. Anayebandika gundi ikiwa mbichi hurudishiwa kiatu na mteja. Kwa viatu vya kazi na vya shule, mshono wa kuzunguka soli huongezwa juu ya gundi.

Kiatu cha ngozi kilicholowa hujazwa magazeti na kukaushwa kivulini. Juani au karibu na jiko ngozi hukakamaa na kupasuka.

Subira na paundi

Nguo ya kutengeneza huchukua siku mbili hadi nne kurudi mezani, na Juba bei ya fedha haisubiri. Paundi ya Sudan Kusini, iliyoanza kutumika Julai 2011, iliachiwa iteremke Desemba 2015. Ilipata pigo jingine mwaka 2024 baada ya bomba la mafuta linalopita Sudan kuharibika na mapato ya nchi kukatika. Mwenye mitumba hununua kwa dola au kwa shilingi za Kenya na Uganda, lakini huuza kwa paundi.

Tuchukue mfano wa belo lenye mashati 200, ambamo 150 yanauzika mara moja, 40 yana kasoro na 10 ni ya kukatwa. Akiuza 150 kwa paundi na kukaa na fedha hizo akisubiri 40 yatoke kwa fundi, anaweza kukuta fedha zile hazinunui tena belo. Wazoefu hubadilisha au kuagiza mzigo mwingine mara tu yale 150 yakiisha, na yale 40 huyahesabu kuwa faida itakayokuja polepole. Wengine huepuka kabisa kumlipa fundi mapema: wanakubaliana naye alipwe kwa kila shati linapouzwa, na hivyo hasara ya shati lililoungua kwa pasi inakuwa ya wote wawili.

Mapatano hayo hufaa kutajwa mbele ya shahidi, kwa idadi ya nguo zilizokabidhiwa na kasoro ya kila moja, kabla fundi hajachukua mzigo.