Chura na Maji ya Shamba Lako

Wakulima wengi humdharau chura, na watoto humpiga mawe. Lakini ikiwa unachota maji kijitoni chini ya josho la kale, au chini ya kahawa inayopigwa dawa ya shaba, yafaa umtazame vizuri.

Chura hanywi kwa kinywa kama ng'ombe. Maji humwingia kwa ngozi. Mayai yake hayana ganda kama ya kuku, ila ute tu. Nao viluwiluwi hukaa majini majuma mengi wakikwangua chakula kwenye mawe na matope, na ndimo matopeni yanamotulia madini mazito kama risasi, zebaki na shaba. Basi sumu huwapata mapema. Wataalamu hupima hata ini la chura, maana madini hukusanyika humo.

Labda utauliza, josho lina shauri gani? Kabla ya miaka ya 1950 majosho mengi ya Kenya yalitiwa aseniki ili kuua kupe. Aseniki haiozi. Josho laweza kuachwa likaota magugu, na sumu ikabaki udongoni hata leo. Baadhi ya mashamba makubwa yaliyogawanywa tangu 1962 yalikuwa na majosho ya namna hiyo.

Mvua zikianza, sikiliza usiku vyura wanalia wapi. Baada ya majuma matatu hivi, tazama mahali pawili pa kijito kile kile, juu ya josho na chini yake, penye kina sawa. Ukiona juu viluwiluwi ni tele, na chini ni wachache, au wana mikia iliyopinda, hapo pana neno. Lakini usiamue kwa siku moja. Mimi niliwahi kumtia jirani yangu hofu bure, kumbe bata wake ndio waliowamaliza viluwiluwi!

Chura hawezi kukuambia ni madini gani, wala kama ni madini au dawa ya wadudu. Tena, vyura kuwa wengi si cheti kwamba maji ni safi. Kazi hiyo ni ya maabara. Mwarifu afisa wa kilimo au wa afya ili maji yapimwe. Mkingoja majibu, watoto wasinywe maji hayo, kwa kuwa risasi huharibu ubongo wa mtoto. Kuyachemsha hakusaidii: moto huua vijidudu, lakini madini hubaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke, sumu huzidi kukolea.